Fungua Mdomo Nione

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu, lakini Sista Skolastika aliisoma mara tatu, kisha akaigeuza kuona kama nyuma kuna mengine. Hakukuwa na mengine. Ilisema kwamba wagonjwa ishirini na sita wa upande wa Ngaramtoni na Olmotonyi, waliokuwa kwenye majaribio ya dawa mpya ya fangasi wa miguu, hawakuimeza dawa waliyopewa ingawa walidai wameimeza. Kwa hiyo waondolewe kwenye utafiti, na muuguzi msimamizi amelithibitisha hilo. Chini yake palikuwa na nafasi ya sahihi, na muuguzi msimamizi alikuwa yeye.

"Ni karatasi tu, Sista," alisema Dinesh, bosi wake. "Wao hawataiona hata siku moja."

Ofisi yao ilikuwa ghorofani Kijenge, Arusha, juu ya duka la vipuri, vyumba vitatu na mashine ya faksi iliyopigiwa magoti zaidi kuliko sanamu ya kanisani. Mwaka ule wa tisini na tisa nchi nzima ilikuwa sokoni. Viwanda vinauzwa, benki zinauzwa, na mtu mwenye chumba cha kupanga na kibao mlangoni alikuwa tayari ni kampuni. Dinesh, mfamasia mtoto wa mfamasia, alitundika kibao chake na akapata kazi kubwa kupita kibao chenyewe. Kampuni moja ya dawa huko Ulaya haikutaka taabu ya kutafuta miguu yenye fangasi, ikawapa kazi hiyo watu wa Nairobi. Watu wa Nairobi nao hawakulitaka vumbi la Ngaramtoni, wakampa Dinesh. Dinesh akampa Skolastika. Skolastika hakuwa na wa kumpa, kwa hiyo ndiye aliyeifanya.

Na aliifanya vizuri, asikudanganye mtu. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Kibosho, muuguzi wa serikali kwa miaka ishirini na miwili mpaka serikali ilipogundua kwamba ina wauguzi wengi kupita kiasi. Wenzake waliopunguzwa pamoja naye walilia kwenye korido. Yeye alikunja sare yake, akanunua mkoba wa ngozi, akaenda kutafuta nani mwingine anahitaji mtu anayejua kazi. Fomu zote za utafiti zilikuwa kwa Kiingereza, ni yeye aliyeziandika kwa Kiswahili. Wagonjwa wote arobaini aliwatafuta yeye mwenyewe, akawaeleza, akawasikiliza, akawapima.

Sasa majibu ya damu yalikuwa yamerudi kutoka maabara ya Nairobi, na yalikuwa ya ajabu. Wagonjwa kumi na wanne wa mjini walikuwa na dawa ya kutosha katika damu. Wale ishirini na sita wa mlimani walikuwa na dawa kidogo mno, wengine hawana hata chembe. Nairobi waliandika, kwa adabu ya watu wanaotukana kwa faksi, kwamba ama wagonjwa hao wanatupa dawa, ama hawapo kabisa na kuna mtu anajaza fomu akiwa amekaa. Ulaya walikuwa na wazo lao: pengine miili ya watu hawa inahitaji dawa mara mbili zaidi. Wazo hilo ndilo lililomtisha Skolastika. Alikuwa amekisoma kitabu cha dawa ile mpaka ukurasa wa mwisho, na kilisema wazi kwamba ikizidi inaunguza ini.

Dinesh alikuwa na hoja zake, na hazikuwa za kijinga. Tukisema wagonjwa hawakumeza, alieleza, basi dawa haina kosa, ofisi haina kosa, na kipimo hakitaongezwa. Tutatafuta wengine ishirini na sita hapa hapa mjini, watu wanaofuata maelekezo. Watu kumi na wawili wanakula kwa ofisi hii, Sista, na wewe ni mmoja wao.

Skolastika alifungua kifuniko cha kalamu. Hilo lisemwe, maana yeye mwenyewe baadaye hakulificha. Aliishika kalamu, akaiweka juu ya mstari, na hapo akamkumbuka Mzee Aminiel wa Olmotonyi, aliyekuwa akirudisha makaratasi matupu ya vidonge kila mwezi yakiwa yamenyooshwa na kufungwa kwa ugwe wa mgomba, kana kwamba ni noti za benki. Kama kuna mtu aliyefuata maelekezo katika mkoa ule, ni yeye. Wakaidi walikuwa wa mjini. Kulikuwa na kijana Allen, fundi wa matairi pale Kijenge, aliyeambiwa ameze kidonge baada ya mlo kamili, naye akawa anakimeza wima kwa soda baridi, hajala kitu. Skolastika alimgombeza na kumwandika kwenye fomu kuwa ni mbishi. Na sasa damu ya Allen ndiyo iliyokuwa na dawa nyingi kuliko ya mtu yeyote.

Akarudisha kifuniko. "Nipe hadi Alhamisi," alisema.

Alhamisi ni siku ya soko Ngaramtoni, na ndiyo siku Nairobi waliyopanga kumtuma mkaguzi wao. Mkaguzi aliitwa Manpreet, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye maneno machache na viatu vyeupe visivyoijua njia ya Olmotonyi. Alitarajia kuwakuta wagonjwa kwenye kile chumba walichopanga karibu na soko, ambako huja siku hiyo baada ya kuuza vitunguu vyao. Skolastika akamwambia hapana, leo tunawafuata nyumbani, ukaone kwa macho yako kama watu hawa wapo. Wakapanda na gari hadi mbele ya chuo cha misitu, na kutoka hapo viatu vyeupe vikatembea.

Mzee Aminiel alikuwa na miaka sitini na minane. Ujana wake wote aliutumia kuotesha miche kwenye bustani ya chuo, na sasa alilima mboga kando ya mfereji, ndiyo maana miguu yake haikukauka na fangasi hawakuondoka. Wageni wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia na kuwapa viti viwili vya nyumba, akabaki na kigoda. Mkewe, Mama Philemoni, aliwaamkia kutoka mlango wa jiko, mkono mmoja ukiwa na mwiko.

Skolastika hakutaka kuzunguka mbuyu. Alimweleza mzee kila kitu: kwamba damu yake ilipimwa, kwamba dawa haikuonekana, kwamba waliomtuma mgeni huyu wanaamini hakumeza. Mzee akasema, bila kupandisha sauti, "Sista, niliacha pombe siku moja, na sikuirudia. Kidonge kimoja ndicho kinishinde?"

Akaingia ndani, akatoka na kopo la kahawa alimohifadhi vidonge, na redio. Kila siku alikuwa akila chakula chake cha mchana kabla ya saa saba, na redio ikitangaza saa, anameza. Siku hiyo nayo alifanya hivyo hivyo mbele yao. Mama Philemoni akampakulia makande, akala hadi akamaliza, akajipangusa, akasubiri saa itangazwe, akameza kidonge kwa maji.

Hapo Manpreet akafanya alichoagizwa na kitabu chake. Alitoa tochi ndogo mkobani. "Samahani, Mzee," alisema. "Fungua mdomo nione. Inua ulimi."

Mzee Aminiel, mzee wa kanisa, baba wa watoto sita, akafungua mdomo. Manpreet akamulika huku na huku. Mama Philemoni aligeuza uso akatazama migomba. Skolastika aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio, na kilichomuuma zaidi ni kwamba katika miaka yote ya uuguzi alikuwa ameamuru midomo mingi ifunguliwe bila kuwaza lolote.

Kidonge kilikuwa kimekwenda zake. Ilibaki kungoja kwa muda wa saa tatu ili damu ichukuliwe. Katika nyumba ile mgeni haketi saa tatu mdomo mkavu, hata kama amekuja na tochi, kwa hiyo Mama Philemoni akaleta sahani mbili za makande kutoka kwenye sufuria lile lile. Skolastika akala kwa raha, maana njaa ilikuwa inauma na mama yule alijua kupika. Manpreet alitia kijiko mdomoni, akatafuna polepole, akasita.

"Hii chakula mbona iko na ladha ya sabuni?" aliuliza, kisha akaona haya.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu wafike. Mama Philemoni naye akacheka hadi akashika mlango. "Ni magadi hayo, mwanangu," alisema. "Ya kulainisha maharage. Kwenu hamna?"

Skolastika alicheka pamoja nao. Halafu akaacha kucheka, akaweka kijiko chini.

Aliuliza kama magadi hayo huwekwa kila siku. Mama Philemoni akamshangaa Mchaga anayeuliza swali kama hilo. Maharage bila magadi, alisema, yanakula kuni za wiki nzima, na mahindi makavu ndiyo zaidi. Nani huku mlimani apike makande bila magadi? Akachukua kipande juu ya kichanja, jiwe la kijivu lenye chumvichumvi, kama lile ambalo Skolastika mwenyewe alinunua sokoni kila mwezi, kama lile alilotia kwenye kiburu chake cha ndizi na maharage Jumapili iliyopita.

Akafungua mkoba, akatoa fomu ya mzee, akaenda moja kwa moja kwenye swali la kumi na tisa. Je, unatumia dawa yoyote ya kupunguza asidi tumboni, ya hospitali au ya kienyeji? Hapana. Wote ishirini na sita walijibu hapana, na wote walisema kweli, maana magadi si dawa, ni kiungo cha sufuria. Lakini kitabu kilisema dawa ile haiyeyuki ila kwenye asidi ya tumbo. Tumbo likikosa asidi, kidonge kinapita kama mgeni asiyekaribishwa. Na marehemu bibi yake kule Kibosho alikuwa akimnywesha nani maji ya magadi? Mtu mwenye kiungulia. Skolastika alikuwa anajua yote haya tangu utotoni. Alikuwa ameyajua vizuri mno, ndiyo maana hakuyaona.

Ikawa wazi kwa nini aliyetii zaidi ndiye aliyekosa zaidi. Waliambiwa wameze baada ya mlo kamili, na wao, watu waaminifu, wakala mlo kamili wenye magadi tele, kisha wakameza. Wa mjini, wasiokula makande kila siku, waliponea hapo, na Allen mbishi na soda yake chachu alikuwa amejitibu vizuri kuliko mkoa mzima.

Alipowaeleza, mzee alitazama sahani yake kama imemsaliti. Mama Philemoni hakuitazama sahani, alimtazama Skolastika.

"Mlimuuliza baba anameza nini," alisema. "Mimi hamkuniuliza ninapika nini."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na Skolastika aliuliza maswali sitini kwa kila mgonjwa, akamruka mpishi.

Damu ilichukuliwa saa kumi. Njiani kurudi, Manpreet alisema kwamba hayo ni makisio tu, mazuri, lakini makisio. Skolastika akamjibu kwamba ndiyo, na dawa ya makisio ni kupima. Akamweleza palepale namna itakavyopimwa: watu wale wale, kidonge kile kile, saa ile ile, wiki mbili bila magadi. Alizungumza kama anayepanga zamu za wodi. Manpreet alianza kuandika kabla hawajafika lami.

Ofisini alimkuta Dinesh anasubiri, na karatasi iko pale pale mezani. Skolastika hakuigusa. Alichukua karatasi nyingine safi, akaandika kwa ule mwandiko wake wa shule ya masista: Wagonjwa wote ishirini na sita wamemeza dawa. Niliwauliza kuhusu dawa, sikuwauliza kuhusu chakula. Kosa ni la fomu, na fomu niliiandika mimi. Akatia sahihi, akaandika tarehe.

Dinesh aliisoma akashika kichwa. "Umetuandikia barua ya kufukuzwa," alisema.

"Inawezekana," alisema Skolastika. "Lakini jina langu limeandikwa chini ya jambo la kweli. Ipitishe kwenye faksi."

Manpreet ndiye aliyeipitisha, akaongeza ukurasa wake nyuma. Siku tisa mashine haikusema kitu, na Dinesh akawa anaizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Skolastika aliendelea na kazi. Alikuwa na hofu, ndiyo, lakini hofu ya mtu aliyekwisha kupunguzwa kazi mara moja na kuona kwamba kesho yake jua linachomoza vile vile. Siku ya kumi jibu likaja: damu ya Mzee Aminiel ya Alhamisi ile haikuwa na dawa ingawa alimeza mbele ya mkaguzi, kamati ya maadili ya utafiti imekubali, Ulaya wamekubali, kipimo kisiongezwe, jaribio la wiki mbili lianze.

Safari hii hakuwaendea wagonjwa, aliwaendea wapishi. Na wapishi walikuwa na masharti. Mama Philemoni ndiye aliyeyasema kwa niaba ya wote: kuacha magadi si kazi, kazi ni kuni. Jambo hilo halikuwamo katika kitabu chochote cha Ulaya. Jibu lilitoka kwa akina mama wenyewe, waliokutana usharikani baada ya ibada. Walikubaliana kuloweka maharage na mahindi usiku, kisha kuyapika kwa pamoja kwa zamu katika yale masufuria makubwa ya harusi ya usharika, moto mmoja kwa nyumba saba, kila mtu anachota chake. Kwa wiki mbili Olmotonyi ilinukia kama ina sherehe. Wanaume walilalamika kwamba makande yana ugumu wa kokoto. Walijibiwa watafune, meno wanayo.

Simu kutoka Nairobi ilipokuja, Dinesh aliipokea akiwa amesimama. Manpreet alisoma namba moja moja, naye akawa anazirudia kwa sauti. Ishirini na watano walikuwa na dawa katika damu, ya kutosha, sawa na watu wa mjini. Mzee Aminiel alikuwa wa tatu kutoka juu. Aliyebaki, alipoulizwa, alikiri kwamba makande ya kokoto yalimshinda siku ya pili tu, akawa anakwenda kula kwa dada yake Ngaramtoni, ambako magadi hayakuachwa. Dinesh aliweka simu chini, akakaa, akasema kwa unyonge kwamba ile karatasi ya kwanza ingefaa ichomwe. Skolastika akamwambia anayo yeye, na hataichoma.

Baada ya mwezi fomu mpya zilishuka kutoka Nairobi, za Arusha na za nchi nyingine tatu. Swali la ishirini lilikuwa jipya: Nyumbani mnapika kwa magadi? Na chini yake, kwa herufi nzito: Muulize anayepika.

Dawa ilipomalizika na miguu ya mzee ilipokuwa safi kama ya mchungaji wa usharika, Skolastika na Manpreet walipanda tena Olmotonyi kuaga. Manpreet alikuwa amevaa viatu vya mpira. Mfereji ulikuwa umejaa, na Mama Philemoni alikuwa amerudisha magadi yake sufuriani bila kumwomba mtu ruhusa.

Kabla ya chakula Skolastika alitoa ile karatasi ya mistari minne, akamsomea mzee yote, mpaka kwenye nafasi tupu ya sahihi. Mzee aliichukua, akaivalia miwani, akaisoma mwenyewe. Kisha akauliza swali moja tu, kama angeitia sahihi.

"Nilishika kalamu, Mzee," alisema Skolastika. "Nilifungua na kifuniko."

Mzee Aminiel aliikunja karatasi kwa utaratibu, akairudisha. Alimwashiria mkewe apakue, na wageni wawili wakapewa sahani zilizojaa hadi ukingoni. Wakala. Manpreet alimaliza yote, sabuni na kila kitu, hakuacha hata punje.

Mzee akainuka, akaingia ndani, akakaa kidogo. Alipotoka alikuwa ameshika tochi kubwa ya betri tatu, ya kulindia shamba, na ameiwasha mchana kweupe. Akaja akasimama mbele ya Skolastika.

"Haya, Sista," alisema. "Fungua mdomo nione."

Jikoni mwiko ulianguka, na Mama Philemoni akasikika akijizuia kucheka akashindwa. Skolastika, mtu mzima, muuguzi wa miaka ishirini na miwili, aliweka sahani chini, akakaa wima, akafungua mdomo wote.

"Inua ulimi."

Akainua. Mzee akamulika kulia, akamulika kushoto, bila haraka hata kidogo, kisha akamgeukia Manpreet, tochi ikiwa bado inawaka.